MASHAURI YA NYUMBANI: KULALA DAR ES SALAAM

Wengi wetu twapeleka wagonjwa Muhimbili, na mara nyingi fedha ya dawa huliwa na kitanda kabla tabibu hajamwona mgonjwa. Tangu mwaka 2021 mabasi mengi ya bara hushusha abiria Mbezi, mbali na hospitali. Nyumba za wageni zilizo karibu na kituo huvuta macho ya mtu aliyechoka. Usiku mmoja si neno. Lakini mkikaa huko juma zima, nauli ya kila siku itameza nafuu yote. Afadhali Kariakoo, au Ilala kwa Wakatoliki wa Msimbazi.

Ulizeni chumba chenye feni na choo cha nje, kwani kiyoyozi ndicho kipandishacho bei. Kitazameni kabla ya kulipa, tena msikilize kama kuna baa nyuma ya ukuta. Mgonjwa hapati usingizi hapo. Kijana wa kituoni ajitoleaye kuwaongoza hulipwa na mwenye nyumba, na malipo hayo mwayatoa ninyi.

Mwenye ndugu mjini asione haya kumpigia simu kabla ya safari. Ila achukue na unga wake.