Steringi Naye Aachwe Afe

Katika mabanda ya video, kuanzia Tandale hadi Kibera, kuna kanuni ambayo mtoto huijua kabla hajajua jina la mwigizaji hata mmoja: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatumbukia mtoni na gari lake, risasi zitampita masikioni, lakini mwishoni yeye atasimama na jambazi atalala. Kanuni hiyo ina utamu wake, na kwa filamu ya saa moja na nusu inayoanza na kuisha siku hiyohiyo haina madhara. Mtazamaji anajua steringi atapona. Anachokifuata ni kuona atapona vipi. Mambo hubadilika steringi huyohuyo anaporudi katika sehemu ya pili, ya tatu, ya kumi. Hapo kutokufa kwake kunaanza kuila hadithi yenyewe, na huko ndiko zilikofikia filamu za mashujaa wa vitabu vya katuni vya Marekani, ambazo kwa zaidi ya miaka ishirini zimetawala kumbi za sinema duniani.

Nisieleweke vibaya. Filamu hizi nazipenda, na ninaandika kwa sababu nazipenda. Wanaolalamika kwamba zimetoka katika katuni wanalalamikia jambo dogo, kwani hadithi haichagui ilikozaliwa. Kuwa na miendelezo nako si dosari: The Godfather Part II ya 1974 ilikuwa mwendelezo, na ikashinda Oscar ya filamu bora. Kosa ninaloliona mimi ni la malipo. Filamu inapomwonyesha shujaa akipoteza mtu au kitu, inakopa machozi ya mtazamaji. Sehemu inayofuata ndiyo inayopaswa kulilipa deni hilo, kwa kutuonyesha mtu anaishi vipi baada ya hasara. Ikiifuta hasara kana kwamba haikutokea, mtazamaji amedhulumiwa, na safari nyingine hatakopesha tena.

Tazama deni lililolipwa vizuri. Katika Spider-Man ya 2002, Peter Parker anamwacha mwizi akimbie kwa sababu ya kinyongo, na usiku huohuo Ben, mzee aliyemlea, anauawa na mwizi huyohuyo. Mwongozaji mwingine angelifunga jambo hilo hapo na kutafuta adui mpya. Sam Raimi, katika Spider-Man 2 ya 2004, alifanya kinyume. Filamu inaanza Peter akifukuzwa kazi ya kupeleka piza kwa kuchelewa, kodi ya chumba imemshinda, masomo yanamponyoka, na May, mjane wa Ben, yuko hatarini kupoteza nyumba kwa deni la benki. Nguvu zinamtoka mwilini kama maji katika mtungi uliopasuka. Kisha inakuja sehemu isiyo na kishindo chochote: Peter ameketi mezani na May, anakiri kwamba angeweza kumzuia yule mwizi na hakumzuia. May anautoa mkono wake, anainuka, anapanda ngazi bila kusema neno. Pigano la kwenye treni, ambalo wengi hulikumbuka zaidi, linapata uzito wake kutoka kwenye meza ile. Abiria wanapombeba Spider-Man aliyezimia na kuuona uso wake bila kinyago, wanachokiona ni kijana mdogo aliyechoka, na sisi tunajua amechoshwa na nini. Miaka mitatu baadaye, Raimi huyohuyo akatoa Spider-Man 3, ambamo tunaelezwa kwamba aliyempiga Ben risasi alikuwa mtu mwingine. Kwa badiliko hilo moja, ile meza ilipoteza nusu ya maana yake. Sijui filamu nyingine inayoonyesha kwa uwazi kiasi hicho jinsi mwendelezo unavyoweza kurudi nyuma na kuiharibu kazi iliyokwisha kukamilika.

Christopher Nolan hakufanya kosa hilo. Rachel, mwanamke anayependwa na Bruce Wayne, yaani Batman, anakufa katika The Dark Knight ya 2008, na hakuna mashine wala uchawi wa kumrudisha. Sehemu iliyofuata, ya 2012, inatupeleka miaka minane mbele, na tunamkuta Bruce Wayne amejifungia ndani ya nyumba yake, anatembelea mkongojo. Linganisha na Avengers: Infinity War, iliyotoka Aprili 2018. Thanos, adui wa filamu hiyo, anaifuta nusu ya viumbe vyote, na mashujaa wanageuka vumbi mbele ya macho yetu. Ni mwisho uliopangwa kwa ustadi mkubwa. Lakini miongoni mwa waliogeuka vumbi alikuwemo T'Challa, ambaye filamu yake ya Black Panther, iliyotoka Februari mwaka huohuo, ilivuna zaidi ya dola bilioni 1.3, na alikuwemo Spider-Man, ambaye tayari alikuwa amepangiwa filamu ya mwaka uliofuata. Aliyefuatilia habari za sinema alijua wangerudi. Msiba ulikuwa na tarehe ya kuanuliwa tangu siku ulipowekwa.

Nikiri kwamba Avengers: Endgame ya 2019 ilijitahidi kulipa. Waliopotea walirudishwa, ila miaka mitano ya kutokuwepo kwao haikufutwa, kwa kuwa Tony Stark, yaani Iron Man, alikataa kumpoteza binti aliyezaliwa katika miaka hiyo. Mwisho Tony mwenyewe akafa, na filamu ikakusanya karibu dola bilioni 2.8. Watu walilia kwa sababu waliamini kifo kile. Julai 2024, huko San Diego, ikatangazwa kwamba Robert Downey Jr., aliyemwigiza Tony, anarudi katika Avengers nyingine, safari hii akiwa Doctor Doom. Ni mhusika mwingine, najua. Hata hivyo naamini kilichorudishwa ni uso wa Tony, kwa sababu uso ule unauza, na kila atakayeingia ukumbini atauona uso wa marehemu kabla hajauona wa Doom.

Kesi inayoniuma kuliko zote ni ya Logan. Hugh Jackman alikuwa amemwigiza Logan, yaani Wolverine, tangu X-Men ya 2000, na mwaka 2017 yeye na mwongozaji James Mangold waliamua kumzika. Logan wa filamu ile ni mzee, anakohoa, majeraha yake hayafungi kama zamani, anaendesha gari la kukodi ili apate pesa za dawa za mwalimu wake wa zamani, Charles Xavier, ambaye naye akili imeanza kumtoka. Kuna utu mwingi katika jinsi Logan anavyombeba Xavier, anavyomlaza, anavyomkaripia na kumhurumia kwa pumzi moja. Yeyote aliyewahi kuona mzazi akizeeka atakuelewa nikisema kwamba hapo nguvu za ajabu zimekuwa jambo la pembeni. Logan anakufa akimlinda mtoto, Laura, na Laura anaulaza msalaba wa kaburi hadi uwe herufi X. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania Oscar ya mswada uliotokana na kazi nyingine, na ilipata zaidi ya dola milioni 600 bila kuahidi kitu chochote baadaye. Miaka saba ikapita. Deadpool & Wolverine ya 2024 inaanza na Deadpool akilifukua kaburi lile, kisha anaitumia mifupa ya Logan kama silaha ya kuulia askari. Ukumbi ulitakiwa ucheke.

Wapo watakaonijibu kwamba Wolverine wa 2024 anatoka ulimwengu mwingine, na kwamba yule wa 2017 bado ni marehemu. Kwa hesabu za katuni ni sawa. Kwa moyo wa mtazamaji si sawa, kwa maana uso ni uleule, sauti ni ileile, na kucha ni zilezile. Wala siipingi mbinu yenyewe ya kuwa na ulimwengu zaidi ya mmoja, maana inaweza kutumika kwa heshima. Katika filamu ya 2014, Spider-Man wa Andrew Garfield anashindwa kumdaka mpenzi wake Gwen, na Gwen anakufa. Mwaka 2021, katika Spider-Man: No Way Home, Garfield anajikuta katika ulimwengu mwingine, binti mwingine anaanguka, naye anamdaka. Anamshusha chini, na machozi yanamlengalenga. Gwen hakurudi, na filamu haikuthubutu kumrudisha. Sekunde zile chache zina nguvu kwa sababu hasara ya miaka saba nyuma imeachwa ilivyo.

Hoja nzito zaidi ni ile inayosema kwamba ndivyo katuni zilivyo. Superman aliuawa kwenye kitabu mwaka 1992, magazeti yakaandika, na kabla 1993 haijaisha alikuwa amekwisha kurudi. Hata Superman ya Richard Donner ya 1978, filamu iliyozifungulia njia nyingine zote, inamalizika kwa shujaa kuizunguka dunia na kurudisha saa nyuma ili Lois Lane afufuke. Basi kwa nini nidai kwenye sinema kile ambacho katuni zenyewe hazikuahidi? Jibu langu ni mwili. Mtu aliyechorwa hazeeki. Mchoraji mmoja akistaafu mwingine anaichukua kalamu, na Peter Parker anabaki kijana miaka sitini. Mwigizaji anaota mvi, anapata makunyanzi, anakufa. Sinema ni sanaa inayopiga picha ya muda ukipita juu ya nyuso za watu, na mtazamaji anazeeka pamoja nazo. Kijana aliyekuwa darasa la saba X-Men ilipotoka alikuwa mtu mzima mwenye majukumu Logan alipofika. Kumwambia mtu huyo kwamba muda haujapita ni kumnyang'anya kile ambacho sinema pekee iliweza kumpa.

Na sisi tunaosoma Kiswahili tunalijua jambo hili bila kufundishwa na Hollywood, kwa sababu shujaa wetu mkubwa alikufa. Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini ya Kenya, ambaye Muhammad Kijumwa aliuandika utenzi wake mwaka 1913, hakuwezekana kwa mkuki wala kwa mshale. Kilichomwangusha ni sindano ya shaba kitovuni, iliyoshikwa na mwanawe mwenyewe, aliyehongwa kwa ahadi ya kumwoa binti wa mfalme. Hata akifa, Liyongo alipiga goti kisimani ameuvuta upinde wake, na mji mzima ukakosa maji kwa hofu, ukidhani bado yu hai, hadi mwili ulipoanguka wenyewe. Msimulizi angeweza kumfufua. Watu wangefurahi kusikia Liyongo amerudi kulipiza kisasi. Hakumfufua, na karne baada ya karne watu wa Lamu na Pate wamezidi kumwimba. Sindano ile ndiyo iliyomfanya awe mkubwa, kwa kuwa ilitwambia nguvu zake zilikuwa na mpaka na mpaka huo aliujua mtoto wake.

Mfanyabiashara atanionyesha hesabu. Deadpool & Wolverine ilipita dola bilioni 1.3, atasema, kwa hiyo watu wanataka kufukuliwa kwa makaburi. Sikatai kwamba kaburi likifukuliwa mara ya kwanza hukusanya watu. Lakini tazama kilichotokea baada ya Endgame. Loki, aliyenyongwa na Thanos mwaka 2018, alipewa tamthilia yake mwaka 2021. Tamthilia zikafuatana na filamu, filamu zikafuatana na tamthilia, na mwaka 2023 The Marvels ikaambulia takribani dola milioni 206, kiasi kidogo kuliko filamu yoyote ya Marvel Studios iliyoitangulia. Bob Iger, aliyekuwa mkuu wa Disney wakati huo, alikiri kwamba kuzalisha kwa wingi kumepunguza umakini. Mimi naliona tatizo mahali tofauti kidogo. Watu huvumilia wingi wa hadithi ikiwa kila moja ina kitu cha kupoteza. Wakishajua kwamba hakuna kitakachopotea, hata mbili ni nyingi.

Martin Scorsese alisema mwaka 2019 kwamba filamu hizi zinafanana zaidi na viwanja vya michezo ya kujiburudisha kuliko sinema, na baadaye akaandika kwamba ndani yake hakuna kilicho hatarini. Mashabiki walimshambulia. Nadhani aliuona ugonjwa sawasawa ila akaukosea kwa kuihukumu aina nzima. Ile meza ya May ina hatari ndani yake. Kitanda cha Xavier kina hatari. Kinachowezekana mara tatu au nne kinawezekana tena, na ndiyo maana inafaa kudai.

Waliolazimika kuchagua bila kutaka kati ya kumrudisha shujaa na kumwacha afe ni watu wa Black Panther. Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, alifariki Agosti 2020 kwa saratani akiwa na miaka 43, na wapo mashabiki waliotaka apatikane mwigizaji mwingine, kwa hoja yenye uzito: T'Challa alikuwa mfalme Mwafrika ambaye watoto weusi duniani walimhitaji, na haikuwa haki aondoke na mtu mmoja. Niliielewa hoja hiyo, hasa nikikumbuka jinsi Kisumu ilivyoipokea filamu ya kwanza mwaka 2018 kwa ajili ya Lupita Nyong'o, aliyemwigiza Nakia. Mwongozaji Ryan Coogler hakuifuata. Katika Wakanda Forever ya 2022, T'Challa anakufa kwa ugonjwa, dada yake Shuri anahangaika kwenye maabara na anachelewa, na taifa zima linamsindikiza kwa mavazi meupe. Hata nembo ya studio mwanzoni inapita bila muziki, imejaa picha zake. Filamu ina kasoro, vita vyake vya baharini ni virefu kupita kiasi, na bado ilipata zaidi ya dola milioni 850. Mwishoni Shuri anakaa ufukweni Haiti, analichoma vazi la matanga kama mama yake alivyotaka, na anairuhusu sura ya kaka yake imjie. Kisha Nakia, aliyekuwa mpenzi wa T'Challa, anamletea mtoto wa kiume. Mtoto anataja jina analoitwa pale Haiti, halafu anamwambia shangazi yake jina la pili: yeye ni T'Challa, mwana wa T'Challa.