Jenga Kinamasi Kabla Soko Lako Halijawa Kiamaiko

Mkulima, wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Lakini maji ya machinjioni, ya zizi na ya jikoni yaweza kuzolewa, yakasafishwa, yakanywesha shamba wakati wa kiangazi. Sisi twaona kwamba kila soko lililo ndani ya skimu zetu lapasa kuwa na mahali pa kuyasafishia, na kazi hiyo yafaa ianze sasa, wakati nafasi ingalipo.

Tazama Kiamaiko, katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Mahali hapo pamejulikana miaka mingi kwa soko na machinjio ya mbuzi. Nyumba zimesongamana hata karibu na Mto Mathare, na maji machafu huingia mtoni. Mathare huingia Mto Nairobi, Nairobi huingia Athi, na Athi, ukiitwa Galana na mwisho Sabaki, humwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Njiani wako wakulima wanaomwagilia mboga. Basi uchafu wa mtaa mmoja wafika katika sufuria za watu wa mbali.

Usiwalaumu upesi wakulima hao. Huko Maili Saba na Kibera wengine walionekana wakiziba bomba la maji taka la jiji ili yafurike shambani. Walijua kwamba maji hayo hayakauki, tena yana naitrojeni na fosforasi, ambazo wewe wazinunua kwa gunia. Lakini maji mabichi ya namna hiyo yana mayai ya minyoo, na vijidudu vya homa ya matumbo na kipindupindu. Mtoto wa mkulima ndiye huugua kwanza. Hata ng'ombe akila majani yaliyolowa maji hayo aweza kupata vifuko vya tegu, na nyama yake ikakataliwa.

Dawa iko, nayo ni kinamasi cha kutengenezwa kwa mkono. Mwaka 1994 kimoja kilijengwa Nairobi, karibu na mkahawa wa Carnivore, na ndege wengi wakaja kukaa humo. Kazi yake ni rahisi kufahamu. Kwanza maji hupita katika shimo la kutulizia, ambamo mashapo hukaa chini na mafuta huelea yakaondolewa. Kisha huingia katika kitalu chenye kina kama cha sentimita 60, kilichozibwa chini kwa udongo wa mfinyanzi au plastiki, kikajazwa kokoto na kupandwa matete. Maji hupita polepole chini ya kokoto kwa siku kadhaa, na vijidudu vizuri vinavyokaa kwenye mizizi na mawe huula uchafu. Kwa kuwa maji hayaonekani juu, mbu hawapati pa kuzalia. Kwa maji ya nyumbani huhesabiwa mita mraba 1 hadi 2 kwa kila mtu. Maji ya machinjioni ni makali zaidi, kwa hiyo damu na samadi zikusanywe kando kwanza, na fundi apime ukubwa wa kitalu.

Wengine watasema, “Ardhi yetu ni ndogo, haifai kupoteza kwa matete.” Twajibu: ardhi ya Kiamaiko ndiyo ndogo. Huko leo pa kuweka kitalu ni pa kutafuta kwa taa. Wewe unayo pembe ya shamba la ushirika chini ya soko, na matete yakikatwa hufunika udongo wa shamba.

Lakini kinamasi hakitendi miujiza. Maji ya viwandani yenye madini ya sumu yasiingizwe humo. Maji yanayotoka yapimwe kabla ya kutumiwa: mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishauri yasizidi yai 1 la minyoo katika lita 1, tena, kwa mboga zinazoliwa mbichi, yasizidi vijidudu 1,000 vya kinyesi katika mililita 100. Hata hivyo, ni salama zaidi kuyatumia kwa miti, ndizi, mahindi na majani ya ng'ombe. Yapitishe kwenye mifereji, usiyarushe juu ya majani. Vaa buti, na nawa mikono kwa sabuni.

Basi katika mkutano ujao wa ushirika wako, uliza maswali matatu: Maji ya machinjio yetu yaenda wapi? Nani ayanywa huko chini? Pembe gani ya ardhi twaweza kuitenga? Mwiteni afisa wa kilimo na afisa wa afya waje kupima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mto ulioharibika ni ghali mno kwa mkulima mmoja.