Uhamisho wa Askari na Vali ya Moyo

Askari wa kituo cha Ajia akipewa amri ya uhamisho hukunja godoro lake na kuondoka. Hiyo ndiyo kazi, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini twauliza: itakuwaje ikiwa bintiye amewekewa vali bandia ya moyo?

Homa ya baridi yabisi huharibu vali za moyo za vijana wengi nchini, na tangu mwaka 2007 Taasisi ya Moyo ya Uganda, huko Mulago, imekuwa ikifanya upasuaji wa moyo. Vali hizo watu huziita za chuma, ijapokuwa nyingi za siku hizi ni za kaboni ngumu. Mgonjwa arudipo, jamaa hushangilia, na wana haki. Ila damu haishangilii. Damu humjua mgeni kama mlinzi wa lango amjuavyo asiye na kitambulisho. Mara iigusapo vali, protini zake huigandama. Kisha zile chembe bapa zizibazo majeraha hunata hapo, hutanuka, na kumwaga kemikali za kuziita nyingine. Nyuzi hufuma wavu, donge likafanyika. Likibaki hapo, vali hukwama. Likichomoka na kufika ubongoni, ni kiharusi.

Kwa hiyo mgonjwa humeza warfarini kila siku, maisha yake yote. Dawa hii ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1955 alipewa Eisenhower, jenerali aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhikwa na moyo. Ikipungua, damu huganda. Ikizidi, damu hutoka bila kukoma. Majani ya kunde yakiliwa mengi kwa ghafla huipunguza nguvu. Vidonge vya Septrini huiongeza. Dabigatrani, dawa mpya zaidi, ilijaribiwa badala yake kwa wenye vali hizi, na jaribio likasimamishwa mwaka 2012 kwa sababu ya madonge na kutoka damu. Basi hapana budi damu ipimwe mara kwa mara, kwa kipimo kiitwacho INR.

Maoni yetu ni kwamba mkuu wa kikosi, kabla ya kutia sahihi, aulize kipimo hicho kitafanyika wapi. Toka Koboko hadi Mulago ni zaidi ya kilomita 500. Ziko mashine ndogo za mkononi zipimazo kwa tone la damu ya kidole. Moja iwekwe katika zahanati ya kambi mjini Arua, na familia za polisi ziruhusiwe kuitumia. Naye mzazi asione haya kueleza hali ya mwanawe mapema. Huko si kukataa amri.