Barua za Uongo kwa Vijana Wanaotaka Udaktari

Neno letu la leo ni juu ya barua, na huenda litawaudhi wengine kati ya wasomaji wetu wapenzi. Twasema juu ya ile barua ambayo kijana wa chuo anayejiandaa kuwa daktari huiomba kwa mkubwa amjuaye, ili apokewe mahali pa kujifunza uchunguzi wa magonjwa wakati wa likizo kubwa. Hapa Kama, na Kindu, na pengi katika Maniema, watu wamezoea kuiomba kwa padri, kwa katekista, kwa prefe wa shule, hata kwa mkubwa wa serikali ambaye hajapata kumwona kijana huyo kwa macho yake. Na wakubwa huandika. Huandika kwamba kijana ni wa kwanza darasani, naye alikuwa wa kumi na tisa. Huandika kwamba amesaidia hospitalini miaka miwili, naye hospitali aliijua siku alipougua malaria. Sisi twasema wazi: barua kama hiyo ni ushuhuda wa uongo, amri ya nane yaikataza, na yeye anayeiandika kwa huruma amevunja amri ileile aliyoivunja anayeiandika kwa fedha.

Tueleze kwanza jambo lenyewe, kwa kuwa wazazi wengi hulisikia kwa simu tu. Huko Marekani, vyuo vikuu na hospitali kubwa huwafungulia wanafunzi milango ya maabara zao kila kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kwa majuma manane au kumi. Mwanafunzi ambaye hajaanza bado masomo ya udaktari wenyewe hupewa mwalimu wa kumsimamia, na swali moja la kuchungua, na posho. Mara nyingi hupewa na mahali pa kulala. Shirika la sayansi la serikali yao, NSF, limelipia nafasi za namna hiyo tangu mwaka 1987. Taasisi zao za afya, NIH, nazo zilikuwa nazo, lakini mwaka 2025 ziliwafutia wanafunzi nafasi za kiangazi kile. Waombaji huwapita kwa mbali wanaochaguliwa. Kila mmoja huleta alama zake, na insha ya kueleza kwa nini aitaka kazi hiyo, na barua, mara nyingi mbili, za watu waliomfundisha au waliomsimamia kazini.

Mtu wa Kama atauliza: mambo ya Marekani yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, maana vita vimewatawanya watu wetu. Wakongomani wengi wa mashariki waliokaa miaka na miaka katika makambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, wamehamishiwa Marekani, na watoto wao sasa wako vyuoni. Nafasi zile za serikali hupewa raia na wenye haki ya kukaa daima. Mkimbizi aliyepokelewa aweza kuiomba haki hiyo akiisha kukaa mwaka mmoja. Basi kijana aliyeko huko anapokosa profesa wa kumwandikia, jamaa zake huikumbuka misioni ya zamani, na simu hulia huku kwetu usiku, maana kwao ni mchana.

Kijana aliyeko hapa hawezi kuzipata nafasi hizo za serikali ya Marekani. Anayemwambia kwamba atazipata akilipa dolari hamsini za "kufungua faili" ni mwizi, mumfukuze. Lakini kijana aliyeko Kindu, Kisangani au Bukavu anazo njia zake, yaani staji katika hospitali na maabara za nchi yetu, na huko pia barua hutakiwa. Huko, tuseme kweli, ndiko kujuana kulikokithiri.

Sasa mfikirie mtu aliyekaa mezani na maombi mengi mbele yake. Alama zafanana. Insha zafanana pia, siku hizi zaidi, kwa kuwa mashine za kompyuta huwaandikia watu maneno matamu wasiyoyawaza. Mtu huyo hawezi kusafiri hata Kama kumtazama kijana akifanya kazi. Ndiyo sababu aomba macho ya mwingine. Barua ni macho ya kuazima. Ukimwazima mtu macho yaliyofungwa kitambaa, umemfanyia nini?

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwetu. Mkatekumeni anapokaribia ubatizo, padri humwuliza katekista: huyu amefika? Katekista akisema ndiyo kwa kuwa baba wa mkatekumeni alileta kuku, amemdanganya padri, na amemdhulumu mkatekumeni mwenyewe, atakayesimama mbele ya Kanisa asijue anachoahidi. Hata wazee wetu Warega waliokuwa katika Bwami hawakumpandisha mtu daraja hivihivi. Ilimpasa awe na wa kumsimamia na kumfunza, na mwenendo wake upimwe, na wenzake wakubali. (Hatuisifu Bwami yote, wamisionari waliigombeza, na serikali ya Wabelgiji iliipiga marufuku mwaka 1948. Lakini juu ya kumdhamini mtu, wazee wale walikuwa wakali kuliko sisi wenye muhuri.)

Wanaotutetea barua za uongo wana maneno yao, na mengine si ya kudharau. Wasema: "Watoto wa wakubwa huingia kwa kujuana. Mtoto wa mkulima wa Kama ana nini? Shule yake haina darubini hata moja. Mwalimu wake hulipwa kwa michango ya wazazi, na mara nyingine halipwi. Mkimnyima hata uongo mdogo, mmemfungia mlango." Twakubali kwamba shule ni maskini. Twakubali kwamba wakubwa huwabebana, na jambo hilo lamchukiza Mungu. Lakini tazameni uongo huo wamwangukia nani. Mtoto wa mkubwa haumgusi, yeye nafasi yake imekwisha tengwa. Nafasi ikienda kwa barua yetu ya uongo, inayopotea ni ya mtoto mwingine wa mkulima, wa Kampene au wa Kalima, ambaye mwalimu wake aliogopa Mungu na kuandika kweli tupu. Maskini amemnyang'anya maskini, na sisi tumeshika mwenge.

Wengine wasema: "Ni kiangazi kimoja tu. Ni kujifunza tu. Nani ataumia?" Kwa hao twawakumbusha Yambuku.

Mwaka 1976, katika misioni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, palikuwa na hospitali ya masista wa Ubelgiji. Wagonjwa walikuja kutoka mbali, kwa kuwa walipendwa pale. Kila asubuhi zilitolewa sindano tano kwa wagonjwa wote wa nje na wajawazito. Baada ya mtu na mtu ziliswafishwa katika maji ya vuguvugu, kisha zikatumiwa tena. Ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola ulipoingia, sindano zile ziliusambaza. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali walikufa 11, na masista wakiwamo, waliowauguza watu hata mwisho wao. Hatuandiki haya ili kuwalaumu marehemu, Mungu awapumzishe. Twaandika kwa sababu upendo ulikuwapo tele Yambuku, na kilichokosekana kilikuwa maarifa ya kuchungua: mtu wa kuhesabu nani aliugua, baada ya siku ngapi, na alikuwa amechomwa sindano au hakuchomwa. Hesabu hiyo ilipokuja kufanywa, sindano zilishitakiwa wazi.

Mmoja wa waliofika mapema pale alikuwa mwana wa nchi hii, Jean-Jacques Muyembe, daktari aliyehitimu Lovanium mwaka 1969, chuo kikuu cha Kikatoliki wakati ule, kisha akasomea elimu ya virusi na vijidudu huko Leuven. Alichukua damu za wagonjwa bila glovu. Mwaka 1998 alikabidhiwa uongozi wa taasisi ya taifa ya uchunguzi wa tiba, INRB, Kinshasa. Mtu wa namna hiyo hatokei ghafula. Huhitaji mwalimu wa kumwona akiwa kijana, na kumsukuma mbele kwa haki.

Na tusiende mbali, tuje Maniema. Ndui ya nyani, iitwayo mpox, iko kwetu. Na huko Kamituga, kwa ndugu zetu Warega wa Mwenga, ilianza mwaka 2023 kusambaa kwa sura mpya iliyotia dunia hofu. Basi mwezi wa Oktoba 2022 INRB pamoja na Wamarekani walikuwa wameanza kuijaribu dawa moja, tecovirimat, mahali pawili: Kole, katika Sankuru, na Tunda, katika jimbo letu hili, ambako Wametodisti wana hospitali yao. Wagonjwa 597 walikubali kushiriki. Wengine walipewa dawa, wengine vidonge visivyo na dawa, ili ilinganishwe. Wote walilazwa siku zisizopungua 14, wakapewa chakula, maji na matunzo. Mwezi wa Agosti 2024 majibu yakatangazwa: dawa haikufupisha siku za vidonda.

Hebu tulia hapo, msomaji. Watu walitumia fedha nyingi na jasho jingi, wakitamani dawa ifae, kisha wakasimama mbele ya dunia wakasema haikufaa. Na katika kweli hiyo wakaona jambo jingine. Waliokufa kati ya wale waliolazwa, wenye dawa na wasio na dawa, walikuwa 1.7 kwa mia tu, na vifo vinavyotajwa kwa wagonjwa wa nchi nzima ni 3.6 kwa mia au zaidi. Matunzo yaliokoa watu. Kama waliohesabu vidonda pale wangekuwa watu wa kuandika kinachopendeza, tungekuwa tunagawa vidonge leo na kusahau uji na kitanda.

Hiyo ndiyo kazi ambayo mzazi ataka mwanawe aingizwe kwa uongo! Kazi nzima ni kushuhudia: kuandika ulichoona, hata kama kinakuaibisha, hata kama bwana wako alitumaini kingine. Kijana aliyefunzwa mlangoni kwamba karatasi yaweza kubeba lolote, atafanya nini usiku ule anapotakiwa kupima joto la mgonjwa kila saa nne, naye ana usingizi? Atajaza safu zote asubuhi kwa kalamu moja. Twajua daftari za namna hiyo, na ninyi mwazijua.

Wala tusidhani kwamba barua ya kweli ni barua ya umaskini. Tumeona vijana ambao sifa zao halisi zapita uongo walioandikiwa. Kijana aliyemwuguza nyanya yake mwaka mzima, akijua dawa ipi saa ipi. Binti aliyekwenda kila Jumamosi kituo cha afya kumsaidia muuguzi kujaza kitabu cha watoto wanaopimwa uzito, akaona kwamba watoto wa kijiji kimoja wapungua kuliko wengine, akauliza sababu. Huyo binti amekwisha kuanza uchunguzi! Lakini baba yake hakulitaja hilo hata kidogo, aliliona dogo. Alitaka tuandike kwamba ametumia darubini ya umeme. Nani Marekani au Kinshasa atakayeshangazwa na darubini? Wanazo.

Lawama si ya wazazi peke yao. Wako walimu wanaouza barua, bei yao yajulikana sokoni kama bei ya mchele. Wako wakubwa wanaotia sahihi barua iliyoandikwa na mwombaji mwenyewe, bila kuisoma. Na sisi wa misioni tuna muhuri ambao watu huuamini kuliko sahihi ya serikali. Kwa hiyo tukiutumia vibaya dhara lake ni kubwa zaidi. Hata wenye nafasi wenyewe wana lao. Wakidai barua za maprofesa wawili, wajue kwamba katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi profesa hajui jina la yeyote. Kilifi, pwani ya Kenya, kituo cha uchunguzi cha KEMRI na Wellcome kimewapokea vijana wa eneo lilelile waliomaliza sekondari, kikawachagua kwa alama zao na kuwaweka kazini pamoja na wachunguzi. Kwa nini hospitali zetu kubwa za Kikatoliki zisifanye vivyo hivyo kila likizo, kwa vijana wawili tu kila moja?

Kwa wakati huu, neno letu kwa kijana asiye na wa kumshuhudia ni hili. Usitafute mtu mkubwa, tafuta kazi ndogo mbele ya mtu mwaminifu. Maombi ya Marekani mengi hufungwa kati ya Januari na Februari. Ya kwetu hayana siku maalumu. Ukianza leo kituo cha afya kilicho karibu nawe, kwa kuhesabu, kuandika, kuosha, kuuliza, baada ya miezi sita muuguzi atakuwa na la kusema juu yako, na ataweza kulirudia akiulizwa kwa simu. Kama hajui Kiingereza, aandike kwa Kifaransa au kwa Kiswahili. Tafsiri tutamtafutia, na kwa kazi hiyo hakuna malipo.