Kona ya Hadithi: Alice alikuwa mtoto wa kweli

Mwezi huu tunamzungumzia Alice, yule msichana aliyemfuata sungura shimoni akajikuta katika nchi ya ajabu. Kwa Kiswahili hadithi hii ilitoka tangu mwaka 1940, naye akaitwa Elisi.

Kumbe Alice alikuwepo kweli! Ni Alice Liddell, mtoto wa mkuu wa chuo kimoja cha Oxford, Uingereza. Tarehe 4 Julai 1862, akiwa na miaka 10, alipanda mashua mtoni na dada yake Lorina na mdogo wao Edith. Wapiga makasia walikuwa wanaume wawili, mmoja ni mwalimu wa hesabu, Charles Dodgson. Watoto wakadai hadithi, mwalimu akaitunga palepale. Alice hakuridhika kusikia tu, akamwomba amwandikie. Mwalimu akaandika kwa mkono, akachora na picha mwenyewe, akampa mwaka 1864. Mwaka 1865 kikatoka kitabu, mwandishi akajiita Lewis Carroll.

Watoto darasani waliniuliza: halafu je? Maana kitabuni Alice hakui. Alice wa kweli alikua, akaolewa mwaka 1880, akazaa wavulana watatu. Wawili waliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mume naye akafariki mwaka 1926. Gharama za nyumba zikamzidi, na mwaka 1928 ile zawadi ya utotoni, iliyoandikwa kwa mkono, ikauzwa mnadani London kwa pauni 15,400. Mama aliyewahi kuuza kitenge chake cha harusi anaelewa bila mimi kueleza.

Mwaka 2010 Mmarekani Melanie Benjamin alitoa riwaya ambamo Alice, akiwa mzee, anasimulia maisha yake mwenyewe. Hiyo ndiyo riwaya ya kihistoria: mtu ni wa kweli, lakini mengi anayosema na anayowaza yametungwa. Tena kuna pengo linalowavuta sana watunzi. Mwezi Juni 1863 familia ya Alice na Dodgson walikosana ghafla, na ukurasa wa shajara yake wa siku zile ulikatwa. Riwaya inaingia hapohapo na kujaza.

Sikatai kubuni, mimi mwenyewe hupenda hadithi kupita kiasi. Ila Alice alifariki mwaka 1934, hawezi kusema "hapana, haikuwa hivyo". Na sisi huku tunajua kuandikwa na watu. Mgeni anakuja na daftari, anauliza maswali mawili, anaondoka, baadaye unasikia eti ulisema jambo ambalo hata halikukupitia kichwani.

Hata sifa huchosha, jamani. Mwaka 1932, akiwa na miaka 80, Alice alivuka bahari hadi New York, na Chuo Kikuu cha Columbia kikampa shahada ya heshima. Lakini alimwandikia mwanawe aliyebaki kwamba amechoka kuwa Alice wa kitabuni.

Basi darasani tumekubaliana hivi: kila mtoto aandike hadithi ya bibi, babu au mzazi wake. Anachobuni akipigie mstari chini. Kisha amsomee mwenyewe kwanza, naye akisema "hili futa", linafutwa. Wazazi, watoto wakija na daftari jioni, tafadhali wasikilizeni mpaka mwisho.

Tuonane mwezi ujao.