Mwenye baiskeli hana bima, aliyemgonga anayo

Ajali ikishatokea na watu wakishajazana, hukumu hutoka kabla trafiki hajafika. Baiskeli imekunjika, mkaa umetapakaa lami nzima, mwenye baiskeli amelala pembeni ameshika paja, na tayari yupo mtu mwenye sauti nzito anayesema: "Huyu hana leseni, hana namba, hana bima. Atadai nini? Apewe hela ya dawa, watu waende." Wengi huitikia kwa kichwa. Dereva hutoa noti mbili tatu, vijana huinua baiskeli, na muda si mrefu foleni inaanza kusogea.

Imani hiyo utaikuta Kahama, utaikuta Morogoro, utaikuta Kisumu. Ni imani potofu kuanzia neno lake la kwanza. Haina msingi katika sheria za Tanzania wala za Kenya, na kila inaporudiwa inamnyang'anya mtu maskini fedha ambazo mtu mwingine alishazilipa kwa ajili yake.

Fedha hizo ndizo bima ndogo. Kila gari linaloingia barabarani linatakiwa na sheria liwe nayo, na ndiyo maana trafiki hukagua stika. Kwa gari dogo la binafsi Tanzania, bei yake kwa miaka mingi imekuwa shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na kodi. Sasa aliyelipa hizo 118,000 ananufaika na nini gari lake likiharibika? Hapati kitu. Akigonga mti, taa atanunua mwenyewe. Bima ndogo haikuwekwa kwa ajili ya gari lake wala kwa ajili ya mwili wake. Imewekwa kwa ajili ya yule ambaye gari hilo litamuumiza: mtembea kwa miguu, mama aliyebeba mtoto mgongoni, kijana wa daladala za baiskeli kule Shinyanga mwenye abiria nyuma.

Historia yake inathibitisha hivyo. Uingereza ililazimisha bima ya aina hii mwaka 1930 kwa sababu watu waliogongwa walikuwa wakishinda kesi dhidi ya madereva wasiokuwa na cha kulipa. Katikati ya miaka ya 1940 sheria za mfano huo zikatungwa Tanganyika na Kenya, na ndizo mama wa sheria zinazotumika leo. Kusema kwamba mwenye baiskeli hadai kwa kuwa hana bima ni kuipindua sheria miguu juu. Ilitungwa kwa ajili ya watu ambao hawana bima. Na leseni? Hakuna sheria inayomtaka mtu awe na leseni ya udereva ndipo apande baiskeli, kwa hiyo kukosa leseni hakuwezi kuwa kosa lake.

Wapo wanaokubali habari ya bima kisha wakahamia hoja nyingine: mbona naye alikuwa na makosa? Hakuwa na taa. Alikata kona bila kunyoosha mkono. Alibeba mzigo mpana kuliko njia. Hoja hii ina uzito kuliko ile ya kwanza, kwa sababu mara nyingine ni kweli kabisa. Tatizo ni hitimisho linalotolewa, kwamba mwenye kosa lolote amepoteza kila kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Kiingereza zamani, nayo ilionekana ni ya kikatili hata huko ilikozaliwa, ikafutwa mwaka 1945. Tanzania na Kenya zinafuata utaratibu uliochukua nafasi yake: mahakama inapima kosa la kila upande na kupunguza fidia kwa kiasi hicho. Hakimu akiona hasara ni shilingi milioni 10 na mwenye baiskeli amechangia asilimia 30, anaamuru alipwe milioni saba. Umati wa barabarani unaomwambia aende nyumbani na noti tatu unatumia kanuni iliyozikwa miaka mingi iliyopita.

Kofia ngumu nayo imegeuzwa kisingizio. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua dai la mwendesha baiskeli aliyegongwa na pikipiki iliyokuwa kwenye mwendo mkali, akaumia kichwa vibaya. Hakuwa amevaa kofia. Jaji alikubali kwamba kutovaa kunaweza kumpunguzia mtu fidia, lakini akamtaka mdaiwa athibitishe kwamba kofia ingezuia majeraha yale katika ajali ile. Mdaiwa alishindwa kuthibitisha, na fidia haikupunguzwa. Uamuzi huo haulazimishi mahakama za Afrika Mashariki, ila unaonyesha namna swali linavyotakiwa kuulizwa.

Ziko nchi zilizokwenda mbali zaidi. Ufaransa, kwa sheria ya Julai 1985, kosa la kawaida la mwendesha baiskeli halimwondolei fidia ya majeraha yake. Labda kosa hilo liwe lisilosameheka na liwe ndiyo sababu pekee ya ajali. Mwenye umri chini ya miaka 16 au zaidi ya 70 ana ulinzi mkubwa kuliko huo. Uholanzi, mtoto wa chini ya miaka 14 aliyegongwa na gari hulipwa hasara yake yote, na mtu mzima hupata angalau nusu hata pale alipokosea, isipokuwa katika mazingira ya nadra sana. Fikra iliyo nyuma ya sheria hizi inaeleweka bila kusomea uwakili: anayeleta chuma cha tani moja na nusu barabarani ndiye anayeleta hatari, naye ndiye mwenye bima.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na asilimia 6 kati yao ni waendesha baiskeli. Hiyo ni takriban watu 70,000, bila kuhesabu waliobaki na mguu mfupi au mkono usiokunjika.

Kuna kosa jingine ambalo limewagharimu wengi, nalo hufanyika mahakamani kwenyewe. Dereva anafikishwa mbele ya hakimu kwa kuendesha kwa hatari, anakiri, anatozwa faini, analipa, anaondoka. Familia ya aliyegongwa inarudi nyumbani ikiamini kwamba kesi imekwisha. Faini ile imekwenda serikalini. Aliyevunjika paja hajapata hata shilingi moja, na hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo amepata silaha nzito kuliko zote. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, kifungu cha 43A, inasema hukumu ya mwisho ya kesi ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, huchukuliwa kuwa uthibitisho kamili wa hatia hiyo katika kesi ya madai. Kenya inayo kanuni ya namna hiyo katika kifungu cha 47A. Kwa hiyo nakala ya hukumu ya trafiki ni karatasi ya kuombwa, kugongwa muhuri na kutunzwa pamoja na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Wanaoiacha masjala ya mahakama wanakwenda baadaye kubishana upya juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa.

"Lakini dereva mwenyewe hana kitu." Ni kweli, dereva wa Fuso ya kukodi mara nyingi ni kibarua kama yule aliyegongwa. Ndiyo maana sheria haiishii kwake. Mwenye gari hubeba dhima ya dereva aliyemtuma kazini, na nyuma ya mwenye gari imesimama kampuni ya bima, ambayo inawajibika kulipa hukumu mradi imepewa taarifa ya kesi ndani ya muda uliowekwa. Kenya imeweka ukomo wa shilingi milioni tatu kwa mtu mmoja kwa upande wa bima. Kinachozidi hapo kinabaki kuwa deni la aliyeshtakiwa. Huruma kwa dereva ni jambo jema, ila haina sababu ya kuisamehe kampuni iliyokusanya fedha kwa ajili ya siku hiyo hiyo.

Sasa lije lile neno "tumalizane." Wanaolitetea wana jambo moja la kweli: hospitali inataka fedha leo, na kesi ya madai inaweza kuchukua miaka. Mtu aliyelala wodini Bugando au katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili akisubiri chuma cha kuunganishia mfupa hawezi kuambiwa asubiri hukumu. Apokee msaada wa matibabu, tena autumie. Kinachomuumiza ni karatasi inayoletwa pamoja na msaada huo, iliyoandikwa kwamba amelipwa na hatadai tena. Akishaisaini, wakili wa upande wa pili ataitoa mahakamani na kazi ya kuipangua itakuwa ngumu kuliko kesi yenyewe. Hakuna anayejua siku ya tatu baada ya ajali kama mfupa utaunga sawa au kama mtu atakanyaga pedali tena. Muuza maziwa anayepeleka madumu mjini kwa baiskeli, mguu wake ndio injini ya familia nzima. Kuuthaminisha kabla daktari hajamaliza kazi ni kuuza shamba usiku bila kuona mipaka.

Fidia yenyewe ina sehemu ambazo wengi hawazijui. Ipo ile ya gharama mahususi: dawa, upasuaji, nauli za kwenda kliniki, baiskeli yenyewe. Hiyo inataka risiti, na hapa ndipo madai mengi ya haki yanapokatwa, kwa sababu risiti zilitupwa au hazikuombwa. Ipo fidia ya jumla kwa maumivu na kwa ulemavu uliobaki, ambayo hakimu huipima kwa ripoti ya daktari na kwa kuangalia kesi zinazofanana. Na yapo mapato yaliyopotea. Watu huuliza kwa dharau, muuza mkaa atathibitishaje kipato chake? Atathibitisha kwa mashahidi: wateja wake wa kila wiki, anayemuuzia magunia, mwenyekiti wa mtaa. Kenya, mahakama zimezoea kutumia kima cha chini cha mshahara pale mdai anapokosa karatasi ya kipato. Kukosa hati ya mshahara hakujawahi kumaanisha kwamba mtu hakuwa anafanya kazi. Na akifariki, dai halizikwi naye. Mke, mume, watoto na wazazi waliokuwa wakimtegemea wanaweza kulifungua.

Muda ndio adui mkubwa zaidi. Kwa Tanzania na Kenya, dai la namna hii lina miaka mitatu. Aliyegongwa akiwa mtoto anaweza kuongezewa nafasi, lakini mtu mzima anayekaa miaka minne akisubiri ahadi za tajiri wa lori anakuta mlango umefungwa.

Wakili atalipwa na nani? Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, iliyowatambua rasmi wasaidizi wa kisheria waliopo hadi vijijini. Kenya ilitunga ya kwake mwaka 2016. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha Tanzania kimekuwa kikipokea wateja tangu 1995, na Kituo Cha Sheria cha Nairobi tangu 1973. Mwaka 2023 Tanzania ikaanzisha Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia. Hizi ni juhudi za kushukuriwa, na upungufu wake usemwe waziwazi: zimejengwa zaidi juu ya ardhi, mirathi, ndoa na ukatili wa kijinsia. Aliyegongwa akienda akutane na mtu anayejua kusoma stika ya bima kama anavyojua kusoma hati ya kiwanja. Pengo hilo lisipozibwa, madalali wa ajali hulijaza. Kenya wanafahamika; hufika kitandani kabla ya ndugu, na fomu ya kusaini mkononi. Sheria ya Mawakili ya nchi hiyo, kifungu cha 46, haiutambui mkataba wa wakili kulipwa pale tu mteja atakaposhinda, lakini mgonjwa asiyejua hilo hutia dole gumba na kusikia baadaye kwamba sehemu kubwa ya fedha zake imeishia njiani.

Yote haya yanategemea gari kujulikana. Likikimbia bila namba kusomwa, hakuna wa kumshtaki. Afrika Kusini ina Mfuko wa Ajali za Barabarani, unaochangiwa kwa tozo ya mafuta, ambao hupokea pia madai ya waliogongwa na magari yaliyotoroka. Mfuko huo umeelemewa na madeni na hautakiwi kuigwa kwa kila kitu. Ila Tanzania nayo hukata tozo kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya Mfuko wa Barabara, na wabunge wanaopitisha tozo hiyo wana kila sababu ya kujadili kama sehemu ndogo yake iwafikie wanaovunjwa mifupa kwenye barabara hizo hizo.

Lipo jambo ambalo halihitaji bunge. Mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA MIS, humwezesha mtu kuhakiki bima ya gari kwa namba yake. Askari anayempa majeruhi PF3 anao uwezo wa kumwandikia, kwenye karatasi hiyo hiyo, namba ya gari, jina la mwenye gari, kampuni ya bima na tarehe ambayo stika inaisha. Jeshi la Polisi liamuru hivyo katika kila kituo, na majeruhi asiruhusiwe kuondoka bila mistari hiyo minne.