Kanga ilisema nisichoituma

Najua mmenitafuta. Wapo waliosema nimelazwa, wapo waliosema nimekimbia madeni. Madeni ninayo, sikatai, ila safari hii kilichonifanya nijifungie ndani ni kitambaa. Tena nilikinunua mwenyewe, kwa hela yangu halali, nikakipeleka kwa mikono miwili kwa mama mkwe mtarajiwa.

Kisa chenyewe hiki hapa. Mimi na bibie tuna miaka miwili sasa. Mama yake hakuwahi kunichangamkia, na sababu naijua: kulikuwa na jamaa mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye mama alikuwa akimpigia chapuo wazi wazi. Jamaa ana mabati, ana saruji, ana pikapu. Mimi nina kalamu na cheti cha kidato cha nne. Bibie akanichagua mimi (msiniulize kwa nini, na mimi nashangaa), barua ya posa ikapelekwa, ikajibiwa kwa shingo upande, na mshenga wangu akapanga siku ya kwenda kujitambulisha.

Kichwa changu kikaniambia nisiende mikono mitupu. Nikashuka Kariakoo, nikakamata Mtaa wa Uhuru, nikaingia kwenye duka la kanga. Zimepangwa mpaka darini, macho yanauma. Nikaona moja ya zambarau yenye maua ya manjano, pindo limetulia, mji umejaa. Muuzaji akasema hiyo ndiyo inayotoka kuliko zote wiki ile. Nikalipa doti moja, nikatoka kifua mbele.

Jina sikulisoma. Narudia ili mnicheke vizuri: yale maandishi yanayokaa juu kidogo ya pindo la chini, mimi, mtu ninayekula kwa kuandika, sikuyasoma.

Siku ya siku tukakaribishwa sebuleni. Shikamoo zikapigwa, viti vikasogezwa, sahani ya maandazi ikatua mezani. Nikatoa mzigo wangu. Mama akaupokea, akashukuru, akauweka pembeni kistaarabu, maana mtu mzima hafungui zawadi mbele ya mgeni. Sasa pale alikuwepo shangazi wa bibie. Huyo mama ana mikono isiyotulia. Akachana gazeti, akakunjua kanga, akaitandaza mapajani huku akisifia rangi. Halafu akanyamaza katikati ya sifa.

Kanga ilikuwa imeandikwa: NILIYEMTAKA NIMEMPATA, WEWE BAKI KUTAZAMA.

Jamani! Nilihisi kijasho chembamba kikishuka mgongoni. Mshenga akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuja nacho. Bibie alisimama mlangoni na birika la chai, hajui aingie au arudi jikoni. Mama peke yake ndiye hakubadilika sura. Aliikunja kanga taratibu, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya kabati, akamwambia binti amimine chai. Ila ile sahani ya maandazi iliondoka na shangazi kwenda jikoni na haikurudi tena. Tulikunywa chai kavu. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenifukuza. Nilitoka mle ndani nikijua nimeadhibiwa, na kila aliyekuwepo alijua.

Njiani bibie alinipa vidonge vyangu. Nikajitetea kwamba ni kitambaa tu. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Alisimama katikati ya njia akaniuliza kama pete nayo ni chuma tu.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Nina binamu yangu anasoma sosholojia Mlimani, kijana wa maneno mengi ambaye kwa kawaida namkimbia. Siku ile nilimsikiliza. Akachukua kanga ya dada yangu iliyokuwa imeanikwa uani, akaanza mhadhara huku mbuzi wa jirani anatutazama.

Akasema wengi wetu tukisikia utamaduni tunafikiria ngoma za kupokea viongozi uwanja wa ndege. Mwaka 1871 Mwingereza mmoja, Edward Tylor, aliandika kwamba utamaduni ni mkusanyiko mzima wa maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na mazoea ambayo mtu anayapata kwa kuwa mmoja wa jamii fulani. Binamu alilikazia lile neno, anayapata. Huzaliwi nayo kama pua. Unafundishwa, au unafundishika mwenyewe kwa kuchapwa na aibu, kama mimi.

Halafu akanionyesha ile kanga. Pamba na rangi, akasema, ni upande wa vitu: unashika, unapima, unauza. Maua na maandishi ni alama, na alama haina kazi mpaka watu wakubaliane ina maana gani. Akanyoosha kidole kwa mbuzi. Huyu akiitafuna kanga ya matusi anashiba tu, jina halimuumi. Mama mkwe ameumia kwa sababu yeye na shangazi na bibie na hata mshenga wako ndani ya makubaliano yale yale. Na wewe umo, akaniambia, ila hukusoma.

Hilo lilinichoma. Maana mimi nimebebwa mgongoni kwa kanga, nimefunikwa kanga nikiwa na homa, na kila msiba wa mtaani kwetu nimeona kina mama wamejifunga kanga. Nilidhani ninazijua. Kumbe dada yangu, kwa kupita tu gengeni, anasoma nani amenuniana na nani, nani kapewa talaka, nani anamringia mke mwenzie. Sisi wanaume tunapita hapo hapo tunaona maua. Nyumba moja, utamaduni mmoja, na nusu ya wenye nyumba hawajui kusoma kilichoandikwa ukutani.

Nikamuuliza kwa nini basi watu wasiseme kwa mdomo. Hapa binamu alinifurahisha, sitamnyima haki yake. Alisema kila jamii ina mambo inayoyathamini, na mambo hayo hayapatani siku zote. Kwetu heshima ni kitu kikubwa, huwezi kumpayukia mkubwa wala jirani. Na kutoonewa nako ni kitu kikubwa. Sasa mtu aliyechokozwa afanyeje? Anajifunga kanga, anapita zake. Ukimuuliza, anakujibu mbona mimi nimevaa nguo tu. Amesema na hajasema. Kosa langu ni kwamba sikuivaa nikapita. Nilimkabidhi mtu mkononi, mbele ya mashahidi, siku ya kujitambulisha. Hiyo huwezi kuiita nguo tu.

Kuna Mmarekani pia, William Graham Sumner, ambaye mwaka 1906 alizigawa kanuni za watu. Yapo mazoea, ukiyavunja unachekwa. Ningekwenda ukweni na kandambili, wangenicheka wakanisahau. Na ipo miiko, ukiivunja watu wanaacha kukuangalia usoni. Polisi hawahusiki hata kidogo. Wanaohusika ni shangazi na sahani ya maandazi.

Nikajaribu kujikosha kwamba haya mambo ya asili yetu wengine tumeyapoteza kwa sababu ya mjini. Binamu akacheka mpaka akakaa chini. Asili gani? Kanga yenyewe ni mtoto wa mjini. Ilianzia pwani, Zanzibar na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, kina mama wakiunganisha leso za dukani zikawa nguo moja. Na leso ni neno la Kireno. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa miaka mingi zilichapishwa India, Uholanzi, Uingereza na Japani, zikaja huku kwa meli. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968, kwa msaada wa Wachina. Hata neno utamaduni limetokana na Kiarabu, na shina lake ni ndugu wa neno madina, yaani mji. Kwa hiyo usisingizie mjini, akaniambia.

Mwaka huo huo wa 1968 vijana wa TANU walipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, wakaiita Operesheni Vijana, ianze Januari mosi 1969, kwa jina la kulinda utamaduni wa taifa. Mimi nakaa na hilo jambo nashindwa kucheka. Kitambaa kinachotoka Uholanzi ni chetu, suruali inayotoka kwa fundi wa Kariakoo ni ya kigeni. Nadhani kilichoifanya kanga iwe yetu ni kwamba tumeisemesha lugha yetu, tena lugha ya mafumbo, mpaka aliyeichapisha hawezi tena kuielewa.

Tuendelee. Wiki mbili baadaye nilimwona mama sokoni. Nikampa shikamoo kutoka mbali, akaitikia marahaba bila tatizo. Alipogeuka kuondoka nikasoma mgongo wake, maana siku hizi nasoma: HARAKA YAKO HAIFUNGUI MLANGO WANGU. Nilisimama na nyanya zangu mkononi. Bahati mbaya? Dada aliposikia alisema mama mtu mzima hana bahati mbaya kwenye kanga.

Mshenga akatumwa. Akarudi na faini, doti mbili, na sharti kwamba safari hii zichaguliwe na wenye akili. Mama yangu na dada yangu wakaenda Mtaa wa Uhuru wakakaa saa tatu nzima. Walisoma, wakakataa, wakabishana na muuzaji. Moja ilikuwa nzuri ila ilinyenyekea mno, tungeonekana tunaomba chakula. Nyingine ilikuwa na dua, lakini rangi nyeusi ingeleta uchuro. Mwisho wakachukua mbili zenye jina moja, RADHI YA MAMA NI TAA YA NYUMBA, rangi ya machungwa na kijani. Mimi nilitoa hela na kubeba mfuko.

Mzigo umefika. Mama hajasema neno mpaka leo. Ila bibie ameninong'oneza kwamba ile ya zambarau bado iko juu ya kabati kama nilivyoileta, doti haijakatwa. Hizi mpya amezikata juzi, amezipinda, amezifua kutoa ule ugumu wa dukani. Dada anasema mtu hapindi kanga asiyokusudia kuivaa. Mama yangu anasema tusishangilie, tungoje tuone ataivaa siku gani na akienda kwa nani.

Jumapili hii nimeitwa chai. Nitaangalia kwanza sahani.